Mkono wa Mzee Bwire Kwenye Baipasi

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, huwajibu kwamba nilikuwa fundi wa vali. Wengi hutikisa kichwa kwa heshima, kisha huniomba nipite kwao nikawaangalizie bomba la choo linalovuja. Huwa naenda. Mara nyingi nalitengeneza, ingawa mke wangu husema la kwetu limevuja tangu mtaa wa Kirumba haujawekwa lami. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili yenu mliobaki karakana. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua wenyewe.

Kiwanda chetu kilikamua mafuta ya mbegu za pamba, upande wa Ilemela, Mwanza, pale miamba inapoteremka mpaka majini. Nje ya geti wafugaji walipanga mikokoteni yao kusubiri mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa. Harufu ya mbegu zilizopikwa iliingia kwenye nguo zangu kiasi kwamba jioni nikirudi nyumbani ng'ombe walikuwa wananifuata. Natia chumvi. Ni ng'ombe mmoja, na alinifuata mara moja tu, lakini alinifuata mpaka mlangoni.

Wageni wa kazi hii wajue kwanza habari ya chungu. Mbegu ikishabanguliwa na kupondwa, hupikwa ndani ya chungu kikubwa cha chuma chenye kuta mbili kabla ya kwenda kukamuliwa. Mvuke kutoka kwenye boila hupita katikati ya kuta hizo. Joto likizidi, mafuta hutoka meusi, na akina mama wa sokoni hawayachukui hata ukiwabembeleza. Joto likipungua, mafuta hubaki ndani ya mashudu na wanaofaidi ni ng'ombe. Kati ya hapo kuna njia nyembamba, na kuishikilia njia hiyo ndiyo kazi ya vali ya mvuke.

Nilifika pale mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana kutoka Sengerema mwenye cheti cha ufundi ndani ya mfuko wa nailoni. Nilisomea vyombo vya kudhibiti mitambo, na nilitegemea kukutana navyo. Vilikuwepo kweli. Vali inayojiendesha yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye bomba tangu kiwanda kilipojengwa, ila ilikuwa imekufa kwa kukosa vipuri, na ndege walikuwa wamejenga juu yake. Mvuke wote ulipita pembeni, kwenye bomba dogo tunaloliita baipasi, lenye vali ya kuzungusha kwa mkono. Na kando ya usukani wa vali hiyo, juu ya kreti la soda lililowekewa gunia, alikaa Mzee Bwire.

Alikuwa Mjita wa Musoma vijijini, mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kando ya chungu kinachochemka. Macho yake yalikuwa kwenye geji ya joto, mkono wa kulia kwenye usukani.

"Shikamoo, Mzee," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi mpya?"

"Ndiyo, Mzee. Nimesomea udhibiti."

"Vizuri. Hebu weka mkono hapa."

Niliuweka. Usukani ule ulikuwa umezungushiwa tyubu ya baiskeli upande mmoja, na mimi, kwa elimu yangu yote, nikashika upande wa pili.

"Palipo na mpira," alisema Mzee Bwire baadaye, vidole vyangu vikiwa tayari ndani ya ndoo ya maji. Hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Walicheka wengine, kwa niaba yake, kama mwezi mzima.

Nilijifunza kwake kukaa karibu na joto bila kulikimbilia. Ukiona mshale wa geji unapanda, usifunge mvuke palepale kama mtu aliyeona nyoka, kwa sababu joto unaloliona sasa limetokana na mvuke uliokwisha kupita. Chungu ni kizito, husikia polepole. Unafunga kidogo, unangoja, ndipo unaongeza au unapunguza. Mimi nilikuwa nafunga sana, halafu nafungua sana, na mafuta ya siku zangu za mwanzo yalikuwa na rangi zote isipokuwa ile inayotakiwa.

Pia alinifundisha kupokea zamu, na hapa naomba msome kwa makini. Kwetu mtu hakuwa anaacha usukani na kuondoka. Anayeingia aliweka mkono wake kando ya mkono wa anayetoka, akasema, "Nimeshika." Anayetoka alijibu, "Shika," ndipo akaachia. Bila maneno hayo mawili hakuna aliyetoa mkono, hata kama basi la wafanyakazi linapiga honi. Na kijana hakumwambia mzee aachie. Uliweka mkono wako, ukangoja. Nimeona watu wazima wawili wameshika usukani mmoja wakitazamana kwa muda mrefu, kila mmoja akisubiri heshima ya mwenzake.

Vali yangu ya kwanza kuifunga peke yangu ilikuwa ya maji ya kuingia boila. Kwenye mwili wa kila vali ya namna ile kuna mshale unaoonyesha maji yatokee wapi yaelekee wapi. Niliuona mshale ule. Nikaufuta vumbi, nikausifu jinsi ulivyochongwa vizuri, kisha nikaifunga vali kinyumenyume. Tulipofungua maji bomba lilianza kugonga kama mtu aliyefungiwa stoo. Mzee Bwire aliinuka, akausogelea mshale, akautazama, akanitazama mimi.

"Huu mshale unasemaje?" aliuliza.

"Unasema huku, Mzee."

"Na wewe umesemaje?"

Nilikwenda kuchukua spana.

Basi mambo yakabadilika nchini, na sisi hatukuachwa. Mafuta ya nje yalianza kuingia kwenye madumu ya njano, mazuri kwa macho, yasiyo na harufu. Ukipita soko la Mwaloni uliyakuta yamepangwa mpaka barabarani. Ya kwetu, yaliyokuwa leo ya dhahabu na kesho ya chai ya rangi, yalibaki ghalani. Kiwanda kilichokuwa cha umma kikauzwa kwa mtu binafsi. Mwenye mali mpya hatukumwona sana, ila tulimwona mtu wake, Injinia Kessy, aliyekuja kutoka Dar na koti jeupe ambalo Mwanza yote haikuwahi kulichafua.

Injinia hakuwa mtu mbaya. Alisema ukweli wake mapema, mbele yetu sote, kwamba idara ya kukamua itafungiwa vali mpya inayojiendesha. Mafuta yakitoka rangi moja, idara itabaki. Yakiendelea kuwa ya bahati nasibu, itafungwa, na mwenye mali atatumia maghala yetu kuuzia mafuta ya nje. Hakupandisha sauti.

Mimi nilipelekwa Dar kwa mafunzo mafupi. Nilirudi nimebadilika mwendo. Nilichomeka bisibisi ndogo kwenye mfuko wa kifuani, kama daktari anavyobeba kalamu, na nilikuwa naigusa kila nikipita mbele ya watu. Mama yangu kule Sengerema alitangaza kanisani kwamba mwanawe sasa anaamuru mvuke. Sikumsahihisha.

Vali yenyewe ni hivi. Ndani kuna kiti, yaani tundu la duara, na juu yake kizibo. Kizibo kikishuka, nafasi inakuwa ndogo na mvuke unapita kidogo. Kikipanda, unapita mwingi. Mpaka hapo haina tofauti na koki ya bomba la nyumbani. Tofauti ni nani anayezungusha. Juu ya vali kuna kitu mfano wa sufuria mbili zilizofunikana, na katikati yake kiwambo cha mpira. Kidhibiti kinasoma joto la chungu, kinalilinganisha na joto tunalolitaka, kisha kinatuma upepo kwenye kiwambo. Upepo ukiongezeka, kiwambo kinaisukuma springi na kizibo kinapanda. Ukipungua, springi inakirudisha chini. Upepo ukikatika kabisa, springi inafunga, chungu kinapoa na hakuna anayeungua. Hilo la mwisho nililipenda sana. Nawajua watu ambao wangefaa kuundwa vile, wakiishiwa upepo wafunge.

Tuliifunga vali, mshale ukiwa umeelekea unakotakiwa, kwani niliukagua mpaka Injinia akaniuliza kama nina matatizo ya macho. Aliiwasha, akaitazama kwa muda, akaridhika nayo nusu. Kisha akaitwa Dar. Aliniachia wiki moja ya kuitulizia, akarudia maneno yake ya awali kuhusu kuifunga idara, akaondoka na koti lake jeupe.

Vali haikutulia. Joto lilipanda, likashuka, likapanda tena, na fimbo ya vali ilikuwa inapiga magoti na kuinuka kutwa nzima kama mtu aliye kwenye ibada ndefu. Mafuta yalitoka na mistari. Watu wa idara nzima, wenye watoto shuleni na mashamba yasiyo na mvua, walikuwa wanapita kando yangu taratibu kama mtu apitavyo kando ya mgonjwa.

Nilifanya kila nilichofundishwa. Nilipunguza ukali wa kidhibiti, nikauongeza, nikaupunguza tena. Niliilaumu pakini, ule utambi unaoziba kandokando ya fimbo, kwamba imebana mno, nikaibadilisha. Nililaumu kompresa, mashine ya kusukuma upepo. Nililaumu unyevu wa ziwa, nikapitisha asubuhi nzima nikikamua maji kwenye bomba la upepo, nikapata kiasi cha kikombe. Niliifungua vali mara mbili, nikaitandaza mezani kwenye kitambaa safi, na kila mara nikakuta ni vali nzima isiyo na kosa. Mwishowe nilituma faksi kwa waliotuuzia, kwa Kiingereza changu cha karakana, nikawaarifu kwamba chuma chao kina wasiwasi. Walijibu kwa adabu wakiuliza kama nimesoma kitabu.

Na kila asubuhi nilipoingia, Mzee Bwire alikuwa palepale kwenye kreti lake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Chuma chako kimeamkaje?"

"Kimeamka vibaya."

"Pole. Kitazoea tu."

Mkono wake ulikuwa kwenye usukani wa baipasi. Naandika sentensi hiyo leo na nasikia aibu masikioni. Nilimwona kila siku, nikamsalimia, nikapitisha mguu wangu juu ya miguu yake kuifikia vali. Baipasi ilitakiwa iwe imefungwa kabisa tangu Injinia alipoiwasha vali mpya. Injinia alimwambia msimamizi wa zamu. Msimamizi aliona si adabu kumwinua mzee yule, akadhani nitamwambia mimi, niliye kama mwanawe. Mimi nilijua Injinia amekwisha kumwambia msimamizi, nikadhani kazi imefanyika na Mzee anakaa pale kwa mazoea tu, akisubiri hatima yake. Ningemwuliza nini? Mkono wake ulikuwa kwenye usukani miaka yote. Nilikuwa siuoni tena, kama mtu asivyoiona pua yake.

Niligundua wakati wa chai. Nilikuwa nimechoka kulaumu vitu, nikakaa chini kando ya kreti na kikombe changu na karanga. Mzee Bwire alikuwa ananisimulia habari za shemeji yake aliyeuza mtumbwi akanunua mashine ya kusaga isiyo na mteja hata mmoja. Mshale wa geji ukaanza kupanda. Hakuutazama hata kidogo, nadhani aliusikia. Kiganja chake kikazunguka kidogo sana kulia, na hadithi ikaendelea. Juu yetu fimbo ya vali nayo ikashuka. Mshale ukaanguka. Kiganja kikarudi kushoto, fimbo ikapanda.

Walikuwa wawili. Vali inafunga na Mzee anafunga, chungu kinapoa kupita kiasi. Vali inafungua na Mzee anafungua, kinachemka. Kila mmoja akijitahidi kurekebisha, na kila mmoja akiharibu kazi ya mwenzake. Chuma hakikuwa na wasiwasi wowote, na mimi ndiye niliyekuwa nakikamulia maji bure.

Nilitamani kucheka, nikashindwa. Injinia alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba vali ikikaa sawa, mtu wa baipasi hatahitajika. Mkono ule ukitoka pale, hakuna pengine pa kuuweka. Na usipotoka, idara nzima inaondoka, yeye akiwamo. Nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akajipangusa jasho.

"Kamwambie," alisema.

"Wewe ndiye msimamizi."

"Na yeye ndiye aliyekulea wewe. Likitoka kwangu atalisikia vingine."

Nilirudi polepole, nikasimama mbele ya kreti. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri kuhusu mitambo inayojiendesha na faida zake kwa taifa.

"Mzee," nilisema, "hii baipasi... unaizungusha?"

"Sasa nifanyeje? Namwona rafiki yako anahangaika peke yake, juu, chini. Nikaona nimsaidie, Injinia asije akatufungia." Aliiangalia ile vali kwa huruma ya kweli. "Bila mimi angekwisha kuunguza."

Hotuba yote ilinitoka. Ningeweza kumwambia aachie, lakini mdomo wangu haukujua namna ya kumwambia mzee yule neno hilo. Ulijua maneno aliyoufundisha mwenyewe.

"Nimeshika, Mzee," nilisema.

Alinitazama. "Nani ameshika? Mbona mkono wako uko mfukoni?"

Nikautoa. Nikauweka kwenye usukani kando ya wa kwake, na niseme ukweli, niliuweka pasipo na mpira, maana palipo na mpira alikuwa ameshika yeye. Nilivumilia. Aliangalia mikono yetu miwili, halafu fimbo ya vali, halafu geji. Nilimwona anavyolielewa jambo lote, taratibu, kama anavyoliacha joto lipande.

"Shika," alisema, akaachia.

Niliifunga baipasi mpaka mwisho. Tukakaa tunautazama mshale. Ulipanda kidogo, ukashuka kidogo, ukapanda kwa unywele, ukasimama. Ulisimama vile mpaka chai yetu ikapoa, na mafuta yaliyotoka chini yalikuwa ya rangi moja, ile yenyewe. Nilisikia furaha na nikaionea haya furaha hiyo kwa wakati mmoja.

"Kumbe ni mimi niliyekuwa nakisumbua," alisema Mzee Bwire. Alijipapasa kiganja kwa kidole gumba, mahali palipoota sugu. "Haya. Na mimi sasa nishike nini?"

Niliinamia vali nikajifanya nakaza nati ambayo haikuwa imelegea.

Injinia Kessy aliporudi alikuta mafuta ya rangi moja, akanipongeza mbele ya watu, nami nikaguswa mpaka nikagusa bisibisi yangu. Idara ilibaki. Mzee Bwire alirudi kwao Majita kabla mvua hazijaanza, na kofia yake na kreti lake, ambalo msimamizi alimwachia alichukue. Nilikwenda kumtembelea mara kadhaa, si nyingi kama nilivyoahidi. Kila mara nilimkuta amekaa juu ya kreti lile mbele ya nyumba, na kila mara aliuliza chuma changu kimeamkaje. Nilimjibu kimeamka salama. Alifurahi kweli, na ndilo lililoniumiza. Alifariki miaka mingi iliyopita.

Mengine mnayajua, kwa kuwa mlikuwepo. Mwaka wangu wa mwisho ililetwa mitambo ya kompyuta, na Leticia, ambaye ndiye fundi mkuu sasa, ndiye aliyeifunga. Alihangaika nayo, joto likayumba, nami nikakaa karibu kwa moyo wa kusaidia. Siku ya pili Leticia alisimama mbele yangu, akatazama chini, nami nikafuata macho yake. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye usukani wa baipasi. Naapa sijui uliendaje.

Hakungoja wiki. Aliweka mkono wake kando ya wangu, na glavu amevaa, maana ana akili kuliko sisi.

"Shikamoo, baba. Nimeshika."

"Marahaba," nilisema. "Shika."

Mshale ukatulia. Nikajipapasa kiganja, na swali likanitoka lenyewe kabla sijalizuia. "Na mimi sasa nishike nini?"

Leticia alikuwa anaangalia kioo cha kompyuta, hata hakugeuka. "Shika kalamu, baba. Tuandikie."

Ni jibu dogo tu, wala hakulifikiria. Ningekuwa nalo siku ile, Mzee Bwire angeondoka pale na kitu mkononi.